Prazikwanteli, albendazoli na ivamektini: ukiongeza dozi unapata nini?

Katika kemisti nyingi za Kisumu, kuanzia Kondele hadi Kibuye, dawa hizi tatu za minyoo na vimelea wengine hukaa rafu moja, na mteja akishatajiwa dozi huuliza: "Daktari, nikiongeza kimoja si itaua vizuri zaidi?" Tathmini hii inazipima kwa swali hilo tu. Bei na rangi ya pakiti kila mtu atajionea dukani.

Jibu halifanani. Prazikwanteli ukiizidisha unapoteza pesa na kujitapisha bure. Albendazoli huongezwa siku, haiongezwi vidonge vya kumeza kwa mkupuo. Ivamektini ina nafasi ya kupanda kuliko watu wanavyodhani, na papo hapo ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu ya chupa ya dawa ya ng'ombe. Lakini zote tatu zina tabia moja: mara nyingi anayemtikisa mgonjwa ni mdudu anapokufa ndani yake. Hivyo kabla ya kuhesabu vidonge, jua una mdudu gani, wengi kiasi gani, na wamejificha wapi.

Prazikwanteli 600 mg

Hiki ndicho kidonge cha kichocho, na kando ya Ziwa Viktoria ndicho kinachohitajika zaidi. Kichocho cha huku ni kile cha matumbo, kinachoenezwa na konokono wadogo bapa wa majini; cha mkojo kinajulikana zaidi Pwani. Kidonge ni kirefu, cheupe, na mara nyingi kina mikato. Biltricide ya Bayer ina mikato mitatu, hivyo hugawanyika vipande vinne vya 150 mg. Matoleo mengine yana mkato mmoja tu, yaani 300 mg kwa 300 mg. Ukinunulia mtoto, angalia mkato kabla ya kulipa. Kidonge kisicho na mkato hukatika ovyo, na robo ya kukisia inaweza kuwa theluthi.

Dozi ya kawaida ni 40 mg kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Mtu wa kilo 60 anahitaji 2,400 mg, yaani vidonge vinne. Wa kilo 45, vitatu. Mtoto wa kilo 22 anahitaji 880 mg. Kimoja na nusu kinampa 900, na hapo pametosha. Kosa linaloharibu dawa hii mitaani liko upande wa kupunguza: mtu mzima akiuziwa vidonge viwili kwa sababu ndivyo alivyoomba, kilo 60 zake zimepata 20 mg kwa kilo, nusu ya dozi. Minyoo wachache hufa, wengine hubaki, kisha lawama zinamwendea mtengenezaji. Kabla ya kuuliza habari ya dozi kubwa, hakikisha umewahi kumeza dozi kamili.

Shuleni hakuna muda wa kumpima kila mtoto kwenye mizani, kwa hiyo hutumika fimbo ya urefu. Mtoto wa sentimita 94 hadi 110 hupata kidonge kimoja, hadi 125 kimoja na nusu, hadi 138 viwili, hadi 150 viwili na nusu, hadi 160 vitatu, hadi 178 vinne, na aliyezidi hapo vitano. Fimbo hukadiria tu, na imewekwa kwa uangalifu ili wengi waangukie ndani ya kiwango salama. Mwembamba mrefu atapata zaidi kidogo ya 40 kwa kilo, mnene mfupi kidogo chini yake, na wote wawili wataamka salama kesho yake.

Ladha ndiyo aibu ya bidhaa hii. Ni chungu kiasi cha kumfanya mtoto atapike kabla kidonge hakijafika kooni, na ukikitafuna ndiyo balaa. Meza haraka na maji mengi, baada ya chakula. Chakula kina kazi mbili hapa: kinatuliza tumbo, na kinasaidia dawa kuingia kwenye damu. Ugali kwa omena unatosha. Chai ya rangi pekee haitoshi. Wale wanaomeza tumboni kukiwa kitupu alfajiri "ili iingie vizuri" wanapata kinyume chake: dawa kidogo, kichefuchefu kingi.

Baada ya saa chache tarajia maumivu ya tumbo, kizunguzungu, kichwa kuuma, pengine kutapika. Aliyejaa minyoo anaweza kuharisha hata kwa damu. Haya kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Dawa yenyewe haikai mwilini, nusu yake huondoka kwenye damu kwa saa moja au saa moja na nusu tu, hivyo anayeumwa tumbo jioni kwa kidonge cha asubuhi anaumwa na minyoo waliokufa. Ndiyo maana majirani wawili wenye uzito sawa na dozi sawa wanaweza kupishana kabisa: mmoja arudi kazini, mwingine alale. Mwenye bodaboda aipaki siku hiyo na siku inayofuata; kizunguzungu cha dawa hii kimeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya pakiti, ile ambayo hutupwa pamoja na boksi.

Sasa swali lenyewe. Dozi ya 60 mg kwa kilo ipo. Hutumika kwa kichocho cha Asia, na karatasi ya Biltricide inasema 20 mg kwa kilo mara tatu kwa siku moja, kila baada ya saa nne hadi sita. Kwa hiyo 60 si sumu. Lakini jaribio lililofanywa Brazili, Mauritania, Tanzania na Ufilipino, kwa wagonjwa zaidi ya 800, liliweka 40 na 60 bega kwa bega. Waliopona walizidi asilimia 90 pande zote mbili, na 60 haikuonyesha faida yoyote ya maana. Kwa mtu wa kilo 60 hapo ni vidonge sita badala ya vinne, uchungu nusu tena, na matokeo yaleyale.

Kwa nini basi mtu hunywa dozi kamili na bado mayai yakaonekana kwenye choo? Hapa ndipo wengi hupotea. Prazikwanteli huua minyoo waliokomaa. Wale wachanga, waliopenya ngozi wiki chache zilizopita na wangali safarini mwilini, haiwaui vizuri. Mvuvi wa Dunga au mchota mchanga wa Usoma aliyeingia majini wiki tatu kabla ya dawa bado anao minyoo wachanga ambao dozi ya leo itawapita. Wiki tano au sita tangu kuingia mwilini wanakomaa na kuanza kutaga. Akipimwa miezi miwili baada ya dawa, mayai yapo, na anaambiwa dawa imeshindwa. Hapo ndipo anapozidisha dozi, wakati kinachohitajika ni kurudia dozi ileile ya 40 wiki sita hadi nane baada ya mara ya mwisho kulowa. Vidonge vinane vya mkupuo mmoja haviwafikii wachanga. Vinne leo na vinne baadaye vinawafikia, maana watakuwa wamekomaa.

Kwa sababu hiyohiyo, kipimo cha kuona kama dawa imefanya kazi hufanywa takriban wiki tatu baada ya kumeza, kabla kizazi kipya hakijaanza kutaga na kuchafua hesabu. Mwambie mhudumu wa maabara tarehe uliyomeza. Kwa kipimo cha Kato-Katz, cha kuhesabu mayai kwa darubini, kibati cha kupimia huchukua 41.7 mg za choo, na mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Ikifika 400 kwenda juu, maambukizi ni mazito, na huyo ndiye wa kuandaliwa kwa tumbo baya siku ya dawa. Choo kimoja kinaweza kukosa mayai. Siku mbili tofauti ni afadhali.

Na wapo wa kuambukizwa upya. Waosha magari waliokuwa wakisimama ziwani Kisumu wamechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya: walitibiwa, wakarudi majini, wakaambukizwa tena, na wengine wakaanza kujenga kinga baada ya kutibiwa mara nyingi. Mtu wa kazi hiyo dozi kubwa haimfai. Kinachomfaa ni ratiba.

Kuna hali ambapo dozi inazama hata ukimeza vilivyo. Anayetumia dawa ya TB yenye rifampisini ini lake huivunja prazikwanteli haraka mno, kiasi kwamba kwenye damu hubaki karibu na sifuri. Dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini hufanya vivyo hivyo, na efavirenzi, dawa ya VVU, nayo huipunguza. Usijaribu kufidia kwa kuongeza vidonge. Kichocho kinaweza kungoja TB ipone: karatasi ya dawa inataka wiki nne zipite tangu rifampisini ya mwisho. Wala usikatishe dawa ya TB kwa ajili ya kichocho. Hilo ni la daktari wa kliniki yako. Upande wa pili, dawa ya fangasi ya ketokonazoli huipandisha prazikwanteli, na mtu anakuwa na dozi kubwa bila kuongeza kidonge.

Hatari yenyewe hasa haimo katika hesabu hizi. Busia na Homa Bay, kunakofugwa nguruwe wa kuzurura, kuna tegu la nguruwe, na vifuko vya mabuu yake vinaweza kukaa kwenye ubongo bila mtu kujua. Prazikwanteli huviharibu, ubongo ukavimba, degedege likafuata. Vikiwa ndani ya jicho, dawa hii ni marufuku kabisa. Mtu aliyewahi kuanguka kifafa ukubwani, au anayeumwa kichwa miaka nenda rudi, aseme kabla ya kumeza hata dozi ya kawaida.

Wajawazito waliovuka miezi mitatu ya kwanza na wanaonyonyesha wanaruhusiwa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022, na umri unaanzia miaka miwili. Kwa watoto wadogo zaidi kuna arprazikwanteli ya 150 mg, inayoyeyuka kwenye maji na isiyo na uchungu ule, kwa umri wa miezi mitatu hadi miaka sita. Sehemu ya majaribio yake ya mwisho ilifanywa Homa Bay. Dozi yake kwa kichocho chetu ni 50 mg kwa kilo. Usichanganye na 40 ya kidonge kikubwa, maana ni umbo tofauti la dawa, limeondolewa nusu isiyofanya kazi. Hii ndiyo bidhaa ambayo kidonge cha watu wazima kingepaswa kuionea wivu.

Albendazoli 400 mg

Hapa maelezo ni mafupi. Kidonge kimoja cha kutafuna kinamaliza minyoo mviringo na kupunguza sana safura. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili hupewa nusu. Kwa wadogo chini ya miaka mitatu kisage, kichanganye na maji, na usimzibe pua ili ameze. Katika zoezi la dawa za minyoo, mtoto anayelia na kusukumiwa kidonge anaweza kusongwa, na hilo ni la kuogopwa kuliko albendazoli yenyewe.

Inapokwama ni kwa minyoo mjeledi. Vidonge viwili pamoja si dawa yake. Kimoja kwa siku tatu ni afadhali. Bora zaidi ni kuunganisha na ivamektini. Jaribio la Ethiopia, Msumbiji na Kenya, ambapo kituo cha Kenya kilikuwa Kwale, lilipima kidonge kimoja chenye albendazoli 400 mg pamoja na ivamektini 9 mg au 18 mg, na mchanganyiko huo uliishinda albendazoli peke yake kwa mbali dhidi ya minyoo mjeledi.

Jambo ambalo hata wauzaji husahau ni mafuta. Chakula chenye mafuta kinaweza kuipandisha albendazoli kwenye damu hadi mara tano. Kwa minyoo wa tumboni huhitaji hilo, dawa inawakuta palepale. Kwa vifuko vya ini, kama vile ugonjwa wa vifuko vya tegu la mbwa unaojulikana sana Turkana, mafuta ndiyo yanayoifikisha. Matibabu hayo ni 400 mg mara mbili kwa siku, siku 28, kisha mapumziko ya siku 14, halafu tena. Dozi hiyo ndefu inaweza kushusha chembechembe nyeupe za damu na kupandisha vimeng'enya vya ini, hivyo damu hupimwa kila wiki mbili. Anayejinunulia boksi la mwezi mzima bila maabara anacheza na uboho wake. Miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, isitumike.

Ivamektini

Kwa dozi kubwa, hii ndiyo iliyochunguzwa kwa ujasiri zaidi, na baadhi ya uchunguzi huo ulifanyika hapa Kisumu. Dozi huhesabiwa kwa mikrogramu, na mikrogramu 1,000 ni 1 mg. Kwa upele, 200 kwa kilo: mtu wa kilo 60 ni 12 mg, kidonge kimoja cha 12. Hurudiwa baada ya siku saba hadi kumi na nne kwa sababu haiui mayai ya mdudu wa upele. Mantiki ni ileile ya kichocho. Anayemeza mbili kwa siku moja ili asirudi dukani atarudi tu, tena akijikuna.

Katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, watu wazima 141 wenye malaria isiyo kali walipewa dawa ya malaria pamoja na ivamektini ya mikrogramu 300 au 600 kwa kilo kila siku kwa siku tatu, au kidonge kitupu kisicho na dawa. Lengo lilikuwa mbu: wale walionyonya damu hiyo walikufa kwa wingi kuliko kawaida, hata damu iliyochukuliwa siku 28 baadaye. Kwa kilo 60, kundi la juu lilimeza 36 mg kwa siku, jumla 108 mg. Madhara yaliyohusishwa na dawa yaliwapata 5 kati ya 45 kwenye kundi la 600, 2 kati ya 48 kwenye 300, na hakuna kati ya 46 wa kidonge kitupu. Watafiti waliipendelea 300, na sisi tunaona walihukumu vyema. Mbu walikufa vya kutosha, na wagonjwa hawakusumbuka sana.

Kabla ya hapo, watu wenye afya walikuwa wamepewa hadi 120 mg kwa mara moja, kama mara kumi ya dozi ya kawaida, chini ya uangalizi, bila dalili za sumu kwenye ubongo. Katika kazi hiyohiyo ilionekana kwamba chakula cha mafuta huipandisha ivamektini kwenye damu takriban mara mbili na nusu. Nyama na chapati zinaweza kugeuza dozi ya 12 mg ifanane na 30. Ndiyo maana maagizo mengi yanasema tumbo tupu na maji.

Takwimu hizo zisikulevye. Watu wenye afya hawana mdudu wa kufa ndani yao. Nchini Kameruni, wenye usubi (upofu wa mtoni) waliopewa mikrogramu 800 kwa kilo walilalamika kuona ukungu kwa muda, na faida dhidi ya minyoo haikulingana na nyongeza hiyo. Usubi wenyewe ulikuwepo Nyanza, bonde la Kodera, hadi inzi wake walipoangamizwa kwa DDT. Hatari kubwa zaidi iko Afrika ya Kati, kwa wenye Loa loa, mnyoo wa macho. Wakiwa na mabuu zaidi ya 30,000 kwa mililita ya damu, hata dozi ya kawaida inaweza kuwaangusha kwenye koma, kwa sababu mabuu hufa kwa pamoja na kuziba mishipa midogo ya ubongo. Kenya haina Loa loa, lakini aliyeishi Kameruni au misitu ya Kongo apimwe damu mchana, mabuu wanapozunguka, kabla ya kumeza. Watoto chini ya kilo 15 na wajawazito hawapewi.

Inabaki ile chupa ya agroveti, duka la dawa za mifugo. Ivamektini ya sindano ya ng'ombe ya asilimia 1 ina 10 mg katika kila mililita, na kipimo cha ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50, ambacho kwa hesabu ni 200 kwa kilo, sawa kabisa na cha binadamu. Ulinganifu huo ndio mtego. Mtu akiisha kuujua, anaona chupa ni rahisi kuliko kemisti. Lakini kijiko cha chai cha mililita 5 kina 50 mg, na kijiko kikubwa cha mililita 15 kina 150 mg, kupita kiwango cha juu walichopewa wale watu wenye afya wakiwa wodini. Chupa ndogo ya mililita 50 ina 500 mg, yaani zaidi ya vidonge 40 vya 12 mg. Juu ya hayo, kimiminika kimetengenezwa kwa viyeyushi vya kuchomwa chini ya ngozi ya mnyama, havikukusudiwa tumbo la mtu. Ile ya kumwagia mgongoni ni asilimia 0.5 na ina viyeyushi vingine tena.

Dalili za kuzidisha ni usingizi usio wa kawaida, kuyumbayumba kama mlevi, mboni za macho kupanuka, kuchanganyikiwa, presha kushuka, na mwishowe degedege. Hakuna dawa maalum ya kuitengua. Hospitali hulinda pumzi na presha hadi iishe, na nusu yake huondoka kwenye damu kwa takriban saa 18. Usimtapishe mtu anayesinzia. Mpeleke, na ubebe chupa au pakiti yenyewe, kwa kuwa daktari atahitaji kusoma asilimia iliyoandikwa na kukadiria ni mililita ngapi zimepungua.